Maboga Yaliyosontwa Kidole

Mama mkwe wangu alifika Kasongo, huku Maniema, akitokea pwani kwa msafara, na katika vitu alivyobeba mwenyewe bila kumwamini mpagazi yeyote kulikuwa na kifuko cha mbegu za maboga. Dhahabu ya masikioni alimwachia dada yake. Mbegu alikuja nazo. Alizipanda nyuma ya nyumba yetu, ndani ya uzio wa matete, na tangu siku hiyo hakuna aliyeingia mle na jembe ila kwa idhini yake. Maboga yenyewe yalikuwa matamu, sitasema uongo. Ila hata ukiyasifu, yeye alikujibu kwamba yangekuwa matamu zaidi kwa tui la nazi, kana kwamba sisi wa Maniema tulikuwa tumezificha nazi makusudi.

Nazungumzia miaka ile ambayo Kasongo ilikuwa bado mji wa watu wa pwani, kabla ya vita vya Wazungu. Mimi nilizaliwa papo hapo. Baba yangu alikuwa mtu wa Manga, Mwarabu, mama yangu wa huku huku, na niliolewa na mwana wa pekee wa bibi huyo wa mbegu. Kazi yangu ilikuwa kusomesha. Kila asubuhi watoto wadogo wa mtaani walikaa kwenye mkeka barazani kwangu, wavulana kwa wasichana, na mbao zao magotini, nami nikawafundisha alifu na bee. Nilikuwa mkali. Baadhi yao leo ni wazee wenye mvi, na bado wakiniamkia husimama mbali kidogo, nje ya urefu wa fimbo.

Nyumba ile ilikuwa na mwanamke mwingine. Huyo hakuja kwa posa wala kwa mahari. Aliletwa akiwa msichana, kama walivyoletwa wengi miaka ile, kutoka vijiji vya upande wa Wamaza, na mume wangu akamfanya suria wake. Akamzalia binti, wakati mimi nilikuwa bado sijajaliwa mtoto. Unaweza kukisia jinsi nilivyompenda. Mwaka wa kwanza nilimchukia kwa bidii yote, asubuhi na jioni, nikitafuta kosa hata katika namna alivyofagia. Halafu binti yake akafikia umri wa kukaa mkekani, nikaanza kumfundisha bismillahi, na mama yake akawa anasimama nyuma ya nguzo akisikiliza na kurudia kimya kimya. Chuki ile ikakosa pa kukaa. Ilipofika miaka ninayoisimulia tulikuwa tunataniana na kusukana nywele, na mume wetu alipotuudhi tulimnunia kwa zamu.

Sasa, mwaka huo mwezi wa Ramadhani uliangukia wakati ambao maboga yanachanua. Huku kwetu maua ya maboga ni mboga. Unayakata, unayapika kwa karanga zilizotwangwa na mafuta ya mawese kidogo, na ukila na wali hutauliza nyama iko wapi. Wanawake wa Kibangubangu, wenyeji wa hapa, ndio waliomfundisha mama mkwe wangu ni maua yapi ya kuchuma. Boga lina maua ya namna mbili. Moja linasimama juu ya kikonyo kirefu chembamba. La pili lina kikonyo kifupi, na chini ya ua, kabla halijafunguka, tayari kuna kiboga kidogo cha duara kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Ua lenye tumbo unaliacha, kwa sababu hilo ndilo litakalokuwa boga. Ua lisilo na tumbo unalitia kikapuni.

Wanawake wale huchuma machache ya kutosha chungu kimoja, wakaenda zao. Lakini mama mkwe wangu alikuwa na sinia ya kutoa barazani. Kila magharibi wanaume wa mtaa walikaa kufuturu pamoja, kila nyumba ikileta chakula chake, na yeye asingekubali sinia yake irudi na sifa pungufu kuliko ya jirani. Basi kila alfajiri, akishaswali, aliingia bustanini na kikapu, akachuma maua yasiyo na tumbo, yote, hata lililojificha chini ya majani. Nilipomwambia abakishe machache, alinijibu kwamba yale ni maua mavivu, hayazai kitu, yanainyonya mizizi bure, na kuyachuma ni kuisaidia mimea.

Haukupita muda mrefu, viboga vikaanza kufa. Vilifika ukubwa wa kidole gumba, vikageuka manjano, vikalainika nchani na kuanguka. Mama mkwe aliviokota kwenye ungo, akauweka ungo katikati ya ua wa nyumba baada ya swala ya alasiri, tukiwa sote tumekaa na njaa zetu, akauliza ni nani aliyevisonta.

Hapa lazima nieleze. Maniema boga changa halisontwi kidole. Ukitaka kumwonyesha mwenzio, unakunja ngumi au unanyoosha kidevu, kwa maana kidole kikilielekea, linaoza. Jambo hilo mtoto hulijua kabla hajajua jina la babu yake. Mama mkwe alikuwa amekuja na hofu yake ya jicho la husuda, akaikuta hofu ya kidole inamngoja, akazitia zote chungu kimoja.

Suria akasimama. Hakungoja kushtakiwa.

“Ni miye, mama,” akasema. “Nalikuwa naonyesha mutoto vile boga inaota. Kidole kilitoka, miye sikujua.”

Hukumu ilitolewa pale pale. Baada ya Idi kulikuwa na msafara wa kwenda Kabambare, ambako ami yake mume wangu alikuwa na mashamba makubwa ya mpunga. Mwanamke huyo angekwenda nao akae huko shambani. Mwenye kidole kama kile haachwi karibu na chakula cha watu. Binti angebaki Kasongo, kwa kuwa ni mtoto wa nyumba. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anachunguza ukingo wa mkeka kama mtu anayetaka kuununua. Alipoulizwa alijibu kwamba mama amekwisha kusema.

Nilijaribu kutia neno. Nilisema maboga huoza kwa mambo mengi, mvua, funza, udongo. Mama mkwe akaniambia kwa upole sana kwamba mimi nifundishe alifu. Hasira niliyopata siku ile ninaweza kuionja hata leo.

Kilichonishinda zaidi ni kwamba yule mwanamke mwenyewe aliamini. Hakulia, hakuomba. Alianza kumfundisha binti yake kujisuka, naye mtoto mikono yake ilikuwa haijafika vizuri kisogoni. Kisha akaja kwangu jikoni, akachuchumaa.

“Bibi, akiamuka usiku akilia, mumupe maji tu. Uji unamuletea ndoto mbaya.”

Nikamwambia atampa maji mwenyewe. Yalikuwa maneno tu, sikuwa na chochote nyuma yake, na yeye alijua.

Asubuhi iliyofuata nilivuka kijito kwenda kuangalia mpunga wetu. Njiani kuna jaa la zamani la mji, mahali ambapo watu walikuwa wanatupa majivu, maganda na kila uchafu. Mwaka uliotangulia tulitupa huko matumbo ya maboga ya mama mkwe pamoja na mbegu zake, na mbegu hazijui kwamba zimetupwa. Zilikuwa zimeota zenyewe, zimetambaa juu ya vigae na mifupa, na chini ya majani yalilala maboga makubwa kama vyungu vya maji. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi bila kutazama. Siku hiyo nilisimama.

Mbegu ni zile zile. Suria alipita pale kila siku na mtungi kichwani. Wachunga mbuzi walikaa pale wakiyasonta na kubishana ni lipi kubwa. Kama ni jicho, kama ni kidole, basi maboga ya jaani yangekuwa yameoza tangu zamani. Tofauti niliyoiona ilikuwa moja. Jaani maua yasiyo na tumbo yalikuwa yamejaa tele, yamefunguka, hayajaguswa. Nani angechuma mboga ya futari mahali penye najisi? Na ndani ya maua yale nyuki walikuwa wanajigaragaza, wakitoka na miguu imejaa unga wa manjano, wakiingia katika maua yenye tumbo wakiwa bado wamejipaka.

Nikamkumbuka marehemu baba. Alikuwa mtu wa kuota tende. Ilipofika Ramadhani, na tende hakuna, alitusimulia mitende ya kwao badala ya kuzila. Alisema mtende uko dume na uko jike. Dume halizai hata kokwa moja, lakini wanaume hupanda juu yake wakakata maua yake, wakapanda tena kwenye jike na kuyafunga katikati ya maua ya lile, kama kumwoza binti kwa mume. Mwaka wasipofanya hivyo, jike hutoa vitu vidogo visivyolika. Tulipokuwa watoto tulicheka. Tulidhani anatutania kwa sababu ya njaa.

Nilichuma maua kadhaa ya jaani, nikayafunga katika jani la mgomba na kuyaficha chini ya ushungi wangu, nikarudi mbio. Ilinibidi kuharakisha maana ua la boga hufunguka asubuhi moja tu. Jua likipanda linajifunga, na halifunguki tena. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuchuma na kuingia ndani. Nikalitafuta ua lenye tumbo lililokuwa wazi. Niliyavua yale maua ya jaani vazi lao la manjano, ikabaki ile nguzo ya katikati yenye unga, nikaupakaza unga ndani ya ua jike, palipo na ulimi mnene unaonata. Nikafanya hivyo kwa maua machache, kila moja nikalifunga uzi kwenye kikonyo. Mengine nikayaacha kama yalivyo, nipate kuyalinganisha. Nilirudia asubuhi zilizofuata. Jirani akiniuliza jaani nafuata nini kila siku, nilimjibu natafuta pete.

Yasiyofungwa uzi yaligeuka manjano. Yaliyofungwa yalinenepa. Nilipoweka kiganja juu ya la kwanza na kukuta halienei tena mkononi, nilikaa chini kwenye udongo na kumshukuru Mungu kwa sauti.

Lakini hiyo ilikuwa nusu tu. Ningemwambia mama mkwe kwamba maboga yangu yamenusurika, angenijibu kwamba yamenusurika kwa kuwa hayakusontwa. Mimi nilihitaji boga lililosontwa. Siku aliyokwenda kwenye matanga mtaa wa pili, niliwainua watoto wote kutoka mkekani nikawaingiza bustanini. Nikawakalisha chini. Nilichowaambia ni hiki, na nimewaambia wengi baada yao, nikiongeza niliyojifunza miaka ya baadaye.

Nikawaambia ua halikuumbwa kwa ajili ya sinia. Rangi ile ya manjano ni kumwita nyuki, na ndani kabisa kuna tone la utamu la kumkaribisha. Ua dume lina unga, ndio unaoitwa chavua. Ua jike lina ulimi unaonata, na chini yake kiboga kitupu, na ndani ya kiboga hicho zimepangwa chembe ndogo ambazo zinataka kuwa mbegu na haziwezi zenyewe. Nyuki anaingia kwa dume kufuata utamu, anapakwa unga bila kuombwa, anaingia kwa jike, unga unanata kwenye ulimi. Kutoka pale kila punje ya unga inateremsha kamba nyembamba isiyoonekana kwa macho mpaka kwenye chembe yake. Zikikutana, chembe inakuwa mbegu. Na mmea ukishajua kwamba una mbegu za kulinda, ndipo unalijaza boga nyama. Ukikosa unga, mmea haupotezi chakula chake bure. Unakiacha kiboga kianguke.

Mtoto mmoja akauliza mahindi yanaozwa na nyuki gani, hajawahi kuona nyuki kwenye hindi. Nikampenda kwa swali lile, ingawa sikumwambia. Hindi linaozwa na upepo, nikamjibu. Yale masuke ya juu kichwani ndiyo dume. Unga wake ni mkavu na mwepesi, unapeperuka. Zile nywele za hindi ni ndimi, na kila unywele umefungwa kwenye punje moja. Ukimenya hindi ukakuta pengo, ujue unywele mmoja haukupata kitu. Unga wa boga ni mzito na unanata, upepo hauuwezi, ndiyo maana boga linamhitaji mdudu. Na mipapai dume wasiikate yote kwa hasira eti haizai, maana mipapai jike inaitegemea.

Kisha nikawaambia walisonte boga.

Walikataa. Watoto ambao walikuwa wakiniogopa kuliko radi walikataa mbele ya uso wangu. Binti wa suria alificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Basi nikanyoosha kidole changu mimi kwanza, nikalisonta lile kubwa katikati ya tumbo, mpaka ukucha ukaligusa. Wakangoja nianguke. Walipoona sijaanguka, mmoja akanyoosha, halafu mwingine, mwishowe vidole vyote vikawa vimelielekea, hata vile viwili vya nyuma ya mgongo.

Tulifanya hivyo kila mama mkwe alipotoka. Sitaki mtu adhani nilikuwa jasiri. Mimi nimekulia Maniema, na kidole ni kidole. Kila alfajiri nilienda bustanini nikilipapasa boga kutafuta pahali palipolainika. Kama lingeoza, ningekuwa nimeithibitisha hatia ya yule mwanamke kwa mikono yangu, na hakuna mtu angemwokoa tena. Halikuoza. Lilikuwa linapata mistari na ugumu, na wapagazi wa Kabambare walikuwa wamekwisha kuanza kufunga mizigo yao.

Mwisho mama mkwe alitukamata. Alirudi mapema kutoka kwa jirani, akasikia sauti za watoto nyuma ya uzio, akaingia na kukuta duara la vidole na boga lake katikati. Akamwomba Mungu ulinzi dhidi ya shetani. Watoto wakatawanyika kama vifaranga, wengine kwa kupenya matete. Mimi nikabaki.

Nilimweleza yote. Nilimwambia boga hilo limesontwa na watoto wa mtaa mzima, siku baada ya siku, na kidole cha kwanza kilikuwa changu. Nilimweleza mitende ya baba yangu, na nyuki, na unga. Sikutamka kwamba kuchuma kwake maua ndiko kulikoviua viboga. Hakuwa mjinga, nilimwona akilifikia neno hilo mwenyewe, polepole, akikitazama kikapu chake kilichoning'inia ukutani.

Aliinama, akaligonga boga kwa kifundo cha kidole, likaitika imara. Kisha akaniuliza ua dume nililitoa wapi, ikiwa yeye hakubakisha hata moja.

Nilitamani kudanganya, lakini ulikuwa mwezi mtukufu. Nikasema nimelitoa jaani.

Uso wake ulibadilika mara kadhaa. Aliwaza, nilijua, kuhusu masinia na wazee wa mtaa. Nikamkumbusha kwamba hata mpunga wetu umeota penye samadi, na hakuna aliyekataa wali. Akakaa juu ya gogo, akajipepea kwa ncha ya leso muda mrefu.

“Mwambie mwanangu msafara uende,” akasema.

Nikamuuliza uende na nani.

“Na wanaokwenda. Huyu ana kazi hapa.”

Hakusema zaidi ya hapo, wala kuomba radhi, wala siku yoyote kukiri. Kesho yake alitoka bustanini na kikapu nusu, akatangaza kwa sauti kwamba siku hizi meno yake hayapendi tena mboga ya maua.

Yule mwenzangu nilimkuta kisimani. Nilipomwambia, hakuelewa kwamba haendi. Alichouliza ni kama kidole chake hakina kitu. Nikamwambia hakina kitu. Akaniuliza tena, nikamjibu tena. Akakitazama, akakifunga ndani ya ngumi ya mkono mwingine, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya ungo, nami nikalia naye, saumu na kiu na yote, mpaka wanawake waliokuja kuteka maji wakadhani tumefiwa.

Msafara uliondoka siku chache baada ya Idi, kabla ya jua. Nilikuwa kitandani niliposikia baragumu, kisha miguu mingi ikiteremka kuelekea njia ya Kabambare. Nilisikiliza. Ng'ambo ya ukuta sauti ya mwenzangu ikapanda, imejaa usingizi na hasira, ikimgombeza binti yake aamke akaoge, mkeka wa chuo unangoja. Nikajifunika shuka na kulala mpaka kukapambazuka kabisa.